Mionzi ya kutibu saratani: Je, mgonjwa akirudi nyumbani ni hatari kwa watoto?

Wiki hii tunajibu swali la msomaji wetu wa Chuno, Mtwara Mjini. Ametueleza kuwa mama yake mdogo, mwenye umri wa miaka 56, alikuwa ameshakoma hedhi kwa miaka sita. Ghafla damu ikaanza kumtoka tena. Mwenyewe akaihesabu kuwa ni istihadha. Akawa anajitahirisha, anafunga kitambaa, anatia udhu kwa kila swala na kuswali. Hakumwambia mtu. Baada ya miezi kadhaa, maumivu ya kiuno yalipomzidi, ndipo alipokwenda hospitali na kuambiwa kuwa ana saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba anatakiwa aende Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapatiwe tiba ya mionzi.

Sasa familia imegawanyika. Wapo wanaosema kuwa mionzi ni ile ile ya mabomu, na kwamba akirudi atawadhuru wajukuu, hivyo itabidi atengewe chumba na vyombo. Wengine wanasema bora abaki nyumbani, asomewe dua na anywe mizizi. Siku ya safari inakaribia. Msomaji wetu anauliza: lipi la kweli?

Jibu kwa ufupi ni hili: mama aende, tena asichelewe. Hatarudi na mionzi mwilini. Dua aombewe, na hospitali aende, kwani hakuna kinachogongana hapo. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta matibabu, na kujitibu hakupunguzi tawakkul ya mja. Lakini kwa kuwa hofu haiondoki kwa amri, inafaa tueleze jambo lenyewe tangu mwanzo.

Hukumu ya damu na chanzo cha damu

Mama huyu alifanya sahihi katika swala yake. Mwanamke mwenye istihadha huosha, hujifunga, hutia udhu kwa kila swala na kuswali. Wengi wa dada na mama zetu wameyasoma haya madrasa na wanayajua vizuri. Tatizo ni kwamba tumeishia kwenye hukumu, hatukuuliza chanzo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mwanamke aliyekuwa akitokwa damu bila kukoma, alimfahamisha kuwa hiyo si hedhi bali inatoka kwenye mshipa. Basi tukishajua kuwa damu si hedhi, tujiulize: mshipa huo umepasuliwa na nini?

Istihadha ina vyanzo vingi na vingi si vya kutisha. Inaweza kuletwa na mabadiliko ya homoni, uvimbe wa kawaida wa kizazi au dawa za uzazi wa mpango. Lakini ziko hali tatu ambazo hazifai kungojewa hata mwezi mmoja: damu kutoka baada ya kukoma hedhi, damu kutoka baada ya tendo la ndoa, na uchafu wenye harufu mbaya au wenye rangi ya damu usiokwisha. Hizi ni dalili zinazojulikana za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ni kuwa nchini mwetu wanawake zaidi ya 10,000 huipata kila mwaka.

Mwanamke wa Kiislamu anazihesabu siku zake kwa ajili ya swala na saumu kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye wa kwanza kujua kuwa hesabu imeharibika. Hiyo ni neema kubwa, kama tu atakapoona kasoro atasema.

Seli inapoasi

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna vinasaba, ambavyo ni kama maandishi ya maelekezo: lini seli igawanyike iwe mbili, lini isimame, lini ife ili nyingine ichukue nafasi yake. Ngozi hupona jeraha na nywele huota kwa sababu seli zinatii maelekezo hayo.

Saratani ni seli iliyoacha kutii. Inagawanyika bila kusimama, inakuwa uvimbe, kisha inasambaa. Katika mlango wa kizazi, kinachoiharibu seli karibu mara zote ni kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hiki kina protini mbili, E6 na E7, ambazo huzima breki mbili za seli. Breki moja ni ile inayosimamisha seli yenye kasoro ili ijirekebishe au ife. Nyingine ni ile inayoizuia isigawanyike kabla ya wakati wake. Breki zote mbili zikizimika, gari linashuka mlima lenyewe.

HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Hapa tunaomba wanaume wasome kwa makini. Kirusi hiki ni cha kawaida mno. Watu wengi waliowahi kuwa na ndoa hukutana nacho, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuleta saratani, au miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Mwanamke mwenye stara maisha yake yote anaweza kukipata kwa mume wake wa halali, ambaye naye alikipata katika ndoa ya kabla yake na hajui. Kwa hiyo saratani hii si ushahidi wa zinaa, na haifai kwa Muislamu kumtuhumu mkewe, mama yake au shemeji yake kwa sababu ya ugonjwa huu. Kumsingizia mwanamke mwenye stara ni dhambi kubwa, tena kunamfanya mgonjwa afiche.

Mama mmoja wa Marekani

Mengi yanayojulikana leo kuhusu saratani hii yanatokana na mwanamke mmoja aliyeugua kama mama yetu wa Chuno. Aliitwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa ajili ya kutokwa na damu. Madaktari walimtibu kwa radi, madini yenye mionzi, na pia walichukua kipande kidogo cha uvimbe wake bila ya kumwomba ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 31.

Seli zake hazikufa. Zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kugawanyika maabara bila kikomo, na zikapewa jina la HeLa. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua kuwa seli za mama yao zinatumika dunia nzima. Ilikuwa ni dhuluma, na leo kuchukua sehemu ya mwili wa mgonjwa kwa utafiti bila idhini yake kunahesabiwa kuwa ni kosa. Msomaji ajue kuwa anayo haki ya kuuliza kipimo chake kinakwenda wapi.

Mwaka 1956, watafiti Theodore Puck na Philip Marcus wa Colorado walizipiga seli za HeLa kwa mionzi ya eksirei na kuhesabu ngapi zilibaki hai kwa kila kipimo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa seli za binadamu kupimwa hivyo, na hesabu ya namna hiyo ndiyo msingi wa kupanga dozi za mionzi hadi leo. Katika miaka ya 1980, Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikikuta kirusi cha HPV ndani ya saratani za mlango wa kizazi, pamoja na seli hizo hizo za HeLa. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008, na kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya chanjo.

Mionzi inatoka wapi?

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Becquerel aligundua kuwa madini ya urani yanatoa mionzi yenyewe, bila umeme wala moto. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre, huko Paris, waligundua radi. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuitumia radi kutibu uvimbe.

Wanaosema mionzi na bomu vina asili moja hawakukosea kabisa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Kongo ya jirani zetu. Nasi tunayo urani katika mkoa wa Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, kwenye mradi wa Mto Mkuju, ambako kiwanda cha majaribio cha kuchenjua kilizinduliwa Julai 2025. Lakini kisu kinachochinja ndicho kinachomenya muhogo. Kinachoangaliwa ni nani amekishika, na kwa kipimo gani.

Urani yenyewe haitumiki kumtibu mgonjwa. Huchomwa katika vinu vya nyuklia, na ndani ya vinu hivyo kipande cha madini ya kawaida ya kobalti huwekwa kipigwe na chembe ziitwazo nyutroni, kikageuka kuwa kobalti-60. Hii ndiyo hutoa mionzi ya gama. Tanzania haina kinu. Kobalti huagizwa kutoka nje. Nguvu yake hupungua kwa kiasi cha nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Kwa hiyo kobalti inapozeeka, mgonjwa hulala muda mrefu zaidi chini ya mashine ili apate dozi ile ile, mpaka kipande kibadilishwe.

Ocean Road, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, imewatibu wagonjwa kwa mashine za kobalti kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2018 inazo pia mashine za kisasa zinazotengeneza mionzi kwa umeme, zisizo na madini yoyote ndani, zikizimwa, zimezimika.

Kwa nini siku nyingi, kidogo kidogo?

Mionzi inapopita ndani ya seli hukata vinasaba vyake. Seli iliyokatwa hivyo, ikijaribu kugawanyika, hufa. Kadiri seli inavyogawanyika kwa haraka, ndivyo inavyoumia zaidi. Jambo hili tumelishuhudia hata nje ya hospitali. Kisiwani Unguja, kati ya mwaka 1994 na 1997, waliachiwa zaidi ya mbung'o madume milioni 8 waliokuzwa Tanga na kupigwa mionzi. Mionzi iliharibu seli za mbegu za uzazi, lakini mbung'o wenyewe wakabaki wazima wakiruka. Majike waliopandana nao hawakuzaa, na Unguja ikasalimika na mbung'o.

Mionzi haichagui, hugusa seli mbovu na nzima zilizo kwenye njia yake. Tofauti ni kuwa seli nzima ina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza, na huanza kazi hiyo katika saa chache. Seli ya saratani, ambayo breki zake zimeharibika, hujitengeneza vibaya. Ndiyo maana dozi haitolewi kwa mkupuo. Hugawanywa vipande vidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, kila siku dakika chache. Usiku seli nzima zinakarabati, asubuhi saratani inapigwa tena kabla haijainuka. Juu ya hayo, mgonjwa wa mlango wa kizazi huwekewa chanzo cha mionzi kwa ndani kwa muda mfupi, mara chache, kisha hutolewa. Kazi yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki nane.

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu bila kujua. Mgonjwa akipata nafuu wiki ya tatu, damu ikakatika, ndugu husema amepona, arudi. Au panatokea msiba, au msimu wa korosho umefika na mashamba yanamngoja. Seli za saratani zilizobaki hutumia mapumziko hayo kuzaliana upya. Damu kukatika si kupona. Kuanza tiba hii na kuiacha njiani ni kujenga nusu ya boma na kulala ndani yake masika.

Je, akirudi atawadhuru wajukuu?

Hapana. Mionzi inayopigwa kutoka nje ni kama mwanga wa tochi: tochi ikizimwa, ukuta haubaki unawaka. Ng'onda aliyeanikwa juani kutwa nzima haingii na jua ndani ya chungu. Na ile inayowekwa kwa ndani, chanzo kikishatolewa, hakuna kinachobaki. Mama anaweza kumbeba mjukuu, kupika, kula sinia moja na wenzake, kulala na kuswali safu moja nao. Saratani yenyewe pia haiambukizwi kwa kuhudumiana.

Iko tiba moja iliyo tofauti, nayo ni dawa ya iodini-131 inayonywewa na baadhi ya wagonjwa wa tezi la shingo. Huyo dawa huwamo mwilini mwake, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8. Kwa siku atakazoelekezwa hospitali, huyu ndiye anayetakiwa kulala peke yake, kukaa mbali na wajawazito na watoto, kutumia taulo yake, na kumwaga maji mengi chooni kila akimaliza haja. Watu wamesikia masharti ya huyu wakayabebesha wagonjwa wote.

Hatari ya kweli iko kwingine

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la zahanati lililoachwa, wakachukua kipande cha mashine ya mionzi wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 uliong'aa rangi ya bluu gizani. Watu waliugawana kama kitu cha ajabu, wengine wakajipaka. Watu wanne walifariki, akiwemo mtoto wa miaka sita, na 249 walikutwa na uchafuzi.

Kwetu mashine na vyanzo hivi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania yenye makao makuu Arusha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini biashara ya vyuma chakavu ipo mitaani, na watoto wetu wanaokota. Wafundisheni alama ya duara dogo lililozungukwa na mapanga matatu, jeusi juu ya njano. Chuma chenye alama hiyo, au kizito kupita kiasi kwa umbo lake, kisiguswe, kisipasuliwe; watu wasogee mbali na polisi waarifiwe.

Familia ifanye nini?

Kwanza, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na tiba ni ya wiki nyingi. Kikao cha familia kipange mapema nani atakwenda naye, atafikia kwa nani, na nauli ya kurudi. Achukue barua ya rufaa, majibu ya vipimo na kadi ya bima kama anayo. Asiye na uwezo aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha. Misikiti yetu nayo inaweza kuchangia. Sadaka ya nauli kwa mgonjwa ni sadaka.

Pili, akiwa kwenye tiba atachorwa alama za wino tumboni. Zisisuguliwe hadi zifutike, kwani ndizo zinazoonyesha mionzi ipite wapi. Aoge kwa maji ya uvuguvugu bila dodoki, avae kanga laini, asipake mafuta wala dawa ya kienyeji mahali hapo bila kuuliza.

Tatu, ategemee kuchoka, kuharisha, kukojoa kwa maumivu na ngozi kuwa nyeusi. Mengi kati ya hayo hupungua baada ya tiba. Anywe maji ya kutosha, na mizizi asichanganye na dawa bila kumwambia daktari. Mgonjwa anayo ruhusa ya kufungua katika Ramadhani, na asione aibu kuitumia. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, tiba hii huweza kukomesha uzazi, na tendo la ndoa huweza kuwa na maumivu. Mume na mke wakae pamoja na daktari waelezwe kabla.

Nne, mgonjwa anayo haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na aibu isiwe sababu ya kupoteza nafsi.

Kwa wale ambao bado

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 asingoje damu. Kipimo ni rahisi: muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa dakika chache. Penye seli zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Sehemu hiyo huweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, na saratani isije kabisa. Hapa Mtwara waulize Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, au kituo cha afya kilicho karibu. Mwenye kinga dhaifu aanze mapema zaidi.

Na mabinti zetu: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Hutolewa mapema kwa sababu hukinga kabla ya ndoa. Haifungi uzazi, wala si ruhusa ya uchafu.

Msomaji wetu wa Chuno, msomee mama mdogo makala haya, kisha mfungashie. Tunamwombea Allah (s.w.) amponye na amrudishe salama kwa wajukuu zake. Akirudi, mpokeeni kwa kumkumbatia.